Sala Huzuia au Hukataza?

 

Katika darsa yetu ya Alkhamisi baada ya Magharibi tulikuwa tukisoma tafsiri ya Suratul-Ankabut, nasi tukafika aya ya 45. Humo Mwenyezi Mungu amwamrisha Mtume wake asome aliyofunuliwa na asimamishe sala, kisha ataja kazi ifanywayo na sala juu ya mtu katika mambo machafu na maovu. Nalikwisha kuifasiri kama nilivyoipokea kwa masheikh wangu, na nataka kupita mbele, mara kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango akaomba ruhusa ya kusema.

Akasema: "Sheikh, umesema sala humzuia mtu na maovu. Ami yangu hakosi safu ya kwanza, Alfajiri wala Isha. Na nyumba aliyotuachia marehemu baba akaa yeye, na kodi ya vyumba vya chini ala yeye. Sisi mayatima watatu tangu mwaka 2011 hatujaona senti. Basi ama aya si kweli, na hilo mimi sithubutu kulisema, au hiyo aifanyayo ami yangu siyo sala iliyotajwa katika Qurani." Akaendelea, na sauti yake ikashuka, akasema kuwa yeye mwenyewe amekwisha miezi minane hasali. Amesikiliza katika simu yake maneno ya mtu asemaye kwamba sala ya Qurani si huku kuinama na kuinuka, ila ni mafungamano ya mtu na Mola wake na kuwatendea watu haki, na kwamba rakaa hizi tumezizua sisi.

Jibu nililompa usiku ule lilikuwa fupi, na haki nikiri, halikuwa zuri. Nalimwambia, "Mwanangu, kosa la ami yako si hoja juu ya sala." Ni kweli, lakini ni kweli isiyomfaa aliyedhulumiwa. Kwa hivyo nimeona niandike hapa yale niliyopaswa kuyasema, kwani sidhani kuwa swali hili ni lake peke yake.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Waarabu kabla ya Uislamu walilijua neno sala, na maana yake mashuhuri kwao ni dua. Maana hiyo imebaki ndani ya Qurani. Katika Suratut-Tawba, aya ya 103, Mtume ameamrishwa apokee sadaka za watu kisha awasalie, na hakuna katika wafasiri aliyesema kuwa alitakiwa awasimamie kwa rukuu na sijda. Maana yake ni awaombee dua. Katika Suratul-Ahzab, aya ya 56, twaambiwa kuwa Mungu na malaika zake wamsalia Mtume, na ulamaa wakasema kuwa sala ya Mungu ni rehema na sifa, ya malaika ni kuombea maghufira, na yetu sisi ni dua. Katika Suratul-Hajj, aya ya 40, neno hilo kwa wingi wake limetajwa pamoja na nyumba za ibada, na wengi wakasema kuwa hapo ni masinagogi ya Mayahudi. Na katika Suratul-Israi, aya ya 110, palipoamrishwa kuwa sauti ya sala isiwe ya juu mno wala ya chini mno, sahaba wenyewe wamekhitalifiana: Bibi Aisha alisema kuwa iliteremka juu ya dua, na Ibn Abbas akasema ni kisomo cha ndani ya sala, siku zile Mtume alipokuwa Makka akijificha na makafiri wakimtukana wakisikia. Riwaya zote mbili zimo katika Bukhari.

Basi kijana huyu hakukosea aliposikia kuwa neno sala lina maana zaidi ya moja. Wazee wetu wa elimu ya usuli walikwisha kulijadili jambo hili kabla ya simu na kabla ya kalamu za chuma. Kadhi Abu Bakr al-Baqillani, aliyefariki mwaka 403 wa Hijra, alishikilia kuwa sheria haikulihamisha neno. Sala ni dua vile vile, ila imeongezewa masharti. Muutazila wakasema neno limehamishwa kabisa. Wengi wakashika njia ya kati. Lakini tazama ewe msomaji: hakuna hata mmoja katika hao aliyetoka kwenye mjadala huo akasema kuwa rukuu zimeanguka. Waligombania jina, nao wote wakasimama safu moja Adhuhuri ilipoadhiniwa.

Ama hao wasemao kuwa sala yatokana na sila, yaani kiungo na mafungamano, nahau haiwasaidii. Herufi za asili za sala ni sad, lam na wau, na za sila ni wau, sad na lam. Ni maneno yanayofanana sauti tu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sarufi huonywa asiyachanganye.

Katika zama za karibu walitokea watu waliokwenda mbali zaidi. Ghulam Ahmad Parwez wa Pakistani, aliyefariki mwaka 1985, alieleza kuwa kusimamisha sala ni kusimamisha nidhamu ya maisha juu ya misingi ya Mungu. Maneno haya yana utamu wake, kwani nani asiyetaka nidhamu ya haki? Lakini hebu tuyapeleke mbele ya aya. Suratun-Nisai, aya ya 101, yaruhusu kuipunguza sala safarini. Je, nidhamu ya haki hupunguzwa mtu akipanda jahazi? Aya ifuatayo yaeleza sala ya khofu: kundi moja lisimame na Mtume na silaha zao, likisha kusujudu lirudi nyuma, na kundi jingine lisilosali lije mbele. Suratul-Maida, aya ya 6, yataka uso uoshwe na mikono mpaka vifundoni kabla ya kuisimamia. Na Suratul-Jumua yasema kuwa sala ikisha watu watawanyike katika ardhi wakatafute riziki. Jambo lenye wudhuu wake, na sijda yake, na wakati wake wa kwisha, hilo ni tendo la mwili linalojulikana. Na namna yake tumeipokea kwa Mtume, ambaye aliwaambia vijana wa Malik bin al-Huwayrith, walipotaka kurudi kwao, wasali kama walivyomwona yeye akisali.

Hapa wengi wetu husimama, tukafunga kitabu, tukamwambia kijana kuwa amekwisha jibiwa. Mimi naona bado. Kwani Qurani hiyo hiyo iliyothibitisha umbo la sala haikuliacha umbo hilo lijisifu. Suratul-Anfali, aya ya 35, imetaja sala ya washirikina pale pale kwenye Al-Kaaba, nayo haikuwa ila mbinja na makofi. Imeitwa sala, kisha ikaonyeshwa kuwa ni tupu. Na katika Suratul-Maun ole imewashukia watu waitwao wenye kusali. Wazee wa tafsiri walikuwa wakimshukuru Mungu kwa herufi moja ya hapo: kwamba wamesemwa wanaoghafilika *na* sala yao, wala hawakusemwa wanaoghafilika *ndani* ya sala yao, kwani lau ingekuwa hivyo ni nani angeliokoka? Lakini sisi tuliojifunza sura hii utotoni chuoni, twaisoma upesi upesi katika rakaa kwa kuwa ni fupi, twasahau imeanza kwa nani. Imeanza kwa yule amsukumaye yatima.

Ami wa kijana huyu, kwa hisabu yangu, aisoma sura hiyo kila wiki.

Sasa turudi kwenye aya yenyewe, kwani ndipo penye fundo. Wafasiri wamekwenda njia kadha wa kadha. Imepokewa kwa Ibn Mas'ud, na kwa Hasan al-Basri baada yake, kuwa mtu ambaye sala yake haimtoi katika maovu haimzidishii kwa Mungu ila umbali. Wako waliolinyanyua neno hili mpaka kwa Mtume, lakini wajuzi wa hadithi wameidhoofisha riwaya hiyo. Hammad bin Abi Sulayman, mwalimu wa Imamu Abu Hanifa, alisema kuwa maana ni muda ule uwapo ndani ya sala: maadamu umefunga takbira huzini wala huibi. Na Tabari ameipokea kwa Ibn Umar kauli kuwa sala hapo ni Qurani isomwayo, nayo ndiyo ikanyayo.

Kauli ya Hammad ni sahihi lakini yanipa haya kuisema mbele ya watu. Mtu aliyelala naye haibi. Ama kauli ya Ibn Mas'ud ni ya mtu mwenye kuichunga nafsi yake mwenyewe, na katika kinywa cha mtu kama yeye ni dawa. Lakini ukimpa kila mtu dawa hiyo bila ya kipimo, nakhofu. Mwambie mwizi kuwa sala yake yamzidishia umbali tu na Mungu: ataacha kipi kwanza, wizi au sala? Wizi una faida yake mkononi, sala ina uzito. Ataacha sala abaki na wizi. Na Imamu Ahmad amepokea kwa Abu Huraira kuwa mtu alikuja kwa Mtume akamshitakia habari ya fulani, usiku asimama kusali na kukipambazuka aiba. Mtume hakusema kuwa sala yake ni ya bure, wala hakuamrisha aiache. Alisema kuwa hilo asemalo litamkanya.

Njia ninayoiona kuwa ni yenye nguvu ni ile inayolishika neno kama lilivyo. Aya imetumia *tanha*, nalo latokana na *nahy*, na nahy kwa Kiarabu ni kukataza. Sisi kwa Kiswahili tumezoea kusema "huzuia", na wengi tumefundishwa hivyo, nami usiku ule ndivyo nilivyofasiri. Lakini kuzuia na kukataza si kitu kimoja. Ukuta huzuia, mzazi hukataza. Alozuiwa hawezi kupita, alokatazwa aweza, ila hapiti akiwa na udhuru. Sheikh Muhammad at-Tahir Ibn Ashur wa Tunisi, katika tafsiri yake At-Tahrir wat-Tanwir, ameieleza aya kwa njia kama hii: sala imefananishwa na mtu mwenye kukataza, kwani maneno yake na matendo yake yote ni ukumbusho kwa mwenye kusali kuwa yuko mbele ya Mola anayemtazama. Basi aya haikusema kuwa asaliye hawezi kudhulumu. Imesema kuwa asaliye ameambiwa.

Mtu atasema: mbona kauli hii ni nyepesi kwa dhalimu? Si atasema kuwa yeye amekatazwa tu, hakuzuiwa? La, ni nzito kuliko zile nyingine. Hisabu rakaa za faradhi: mbili, nne, nne, tatu, nne; ni 17 kwa siku, na katika kila moja Alhamdu. Kwa mwaka wetu wa mwezi wa siku 354 hizo ni rakaa 6,018. Mtu aliyekumbushwa mara elfu sita kwa mwaka kuwa iko Siku ya Malipo, naye ndiye aliyeisoma kwa ulimi wake, atasema nini atakapoulizwa kodi ya mayatima? Asiyesali angaliweza kudai kuwa alisahau.

Nitataja jambo langu mwenyewe, ingawa si la kujivunia. Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na minne hivi nalikuwa nikifanya kazi siku za likizo ya madrasa katika duka moja la vyakula. Mwenye duka alikuwa akifunga mlango kila Alasiri, nasi sote twaenda kusali jamaa. Naye ndiye aliyenifundisha kupima mchele. Huumimini taratibu, huumwaga kwa nguvu kutoka juu, ile sahani ya mizani yashuka kwa kishindo, nawe wauondoa kabla haijatulia. Mnunuzi ameona kwa macho yake kuwa upande wake umelala chini. Kwa kila kilo hupungua kidogo tu, hata mtoto hawezi kulalamika. Nalikuwa nimekwisha kuhifadhi juzuu kadha, na sura ya wapunjao vipimo ni katika juzuu ya Amma, mimi naijua kabla sijajua kupima. Nalisali Alasiri nikarudi nikapima vile vile, likizo mbili nzima.

Je, sala yangu haikunikataza? Wallahi ilinikataza. Naikumbuka ile nukta ya dhiki nilipokuwa nikifika mahali fulani katika kisomo, nami nikapita haraka. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu kuwa sala ya namna ile si sala. Ilikuwa ikisema, mimi ndiye niliyejitia uziwi. Na siku nilipoliacha duka lile, sikuliacha kwa waadhi wa khatibu wala kwa mtu aliyenigundua, ila kwa dhiki ile iliyokuwa ikirudi kila Alasiri. Lau ningaliambiwa mapema kuwa sala yangu ni batili maadamu napunja, nahisi ningalistarehe, kwani ningaliiacha, na dhiki nayo ingaliondoka.

Watu wa Madyan waliijua siri hii kuliko sisi. Nabii Shuaibu alipowaonya juu ya vipimo na mizani, walimkejeli kwa kumwuliza kama sala yake ndiyo imwamrishayo waache walivyoviabudu wazee wao, na waache kufanya wapendavyo katika mali zao. Hayo yamo katika Sura ya Hud, aya ya 87. Baadhi ya wasomaji wamelisoma neno la hapo kwa wingi, sala zako, na wafasiri wengine wakasema muradi ni dini yako au kisomo chako. Vyovyote iwavyo, makafiri wale walifahamu kuwa sala ya mtu huyu haikomei msikitini. Yaingia sokoni, yashika mizani. Walikejeli, lakini walikejeli jambo walilolifahamu. Sisi tumeligawa: sala ni ya imamu na mizani ni ya mwenye duka.

Na hapa nina neno kwa jamaa wa misikiti yetu, tena bila ya kuficha. Nimehudhuria mabishano juu ya kunuti ya Alfajiri mpaka watu wakakosa kuamkiana. Nimeona mtu akiulizwa kwa ukali kwa nini amekunja mikono au amenyosha. Yote hayo yana mahali pake katika fiqihi, na maimamu wametofautiana kwa dalili. Lakini sijaona hata siku moja safu ya kwanza ikimwuliza mtu wake: ile nyumba ya mayatima wa nduguyo, umewapa haki yao? Kila mmoja ajua, na kila mmoja ampisha kwa heshima. Tukisha, twamlaumu kijana aliyekaa nje kwenye baraza.

Imebaki hukumu, kwani kijana aliuliza pia kama sala ya ami yake ndani ya nyumba ile yasihi. Suala hili ni mashuhuri kwa ulamaa, nalo huitwa sala katika nyumba iliyonyang'anywa. Imamu Ahmad bin Hanbal, katika riwaya iliyo mashuhuri kwake, asema haisihi, kwani vipi utajikurubisha kwa Mungu kwa kusimama mahali ambapo kusimama kwenyewe ni maasi? Wengi wa ulamaa, na humo mna madhehebu yetu ya Shafii, wasema yasihi na mwenyewe ana dhambi: kusali ni jambo moja na kughusubu ni jambo jingine, ingawa yamekutana mahali pamoja. Na al-Baqillani akaleta kauli yake ya ajabu, kuwa sala ile si sahihi lakini faradhi huanguka wakati wake, wala haianguki kwa sababu yake. Sisi twafuata kauli ya wengi, hatumwamrishi mtu yule arudie kulipa sala za miaka hiyo yote. Lakini na asifurahi. Kusihi kwa fakihi maana yake ni kuwa hudaiwi tena tendo lile. Si risiti ya kukubaliwa. Fakihi hukumu yake ni ya dhahiri, hapasui vifua vya watu. Imamu Ghazali, naye ni Shafii kama sisi, ametenga kitabu kizima katika Ihya juu ya siri za sala, akaonyesha kuwa mafakihi hawakumlazimisha mtu kuhudhurisha moyo ila wakati wa takbira kwa sababu ya udhaifu wa watu, si kwa kuwa hicho kiasi chatosha. Na Abu Daud amepokea kwa Ammar bin Yasir kuwa mtu huondoka katika sala yake naye ameandikiwa fungu tu, pengine sehemu moja ya kumi.

Na haki ya mayatima haifutwi na rakaa. Ile ni deni ya waja, hulipwa kwa kurudishwa au kwa kusamehewa na wenyewe, nao mayatima wasiobaleghe hata kusamehe hakusihi kwao. Nalimwambia kijana, siku aliponijia nyumbani, kuwa ana mashitaka mawili naye ameyafanya moja. La nyumba ni la kupelekwa mahakama ya Kadhi, kwani mirathi ya Waislamu ni katika mambo yaliyowekwa mikononi mwake na Katiba ya mwaka 2010, nami nimempa majina ya wazee wawili watakaoshuhudia kuwa nyumba ni ya marehemu baba yake. La sala ni lake na Mola wake. Kuacha kwake kusali miezi minane hakukumtoa ami yake hata chumba kimoja.

Akaniuliza swali la pili, kuhusu hiyo miezi minane: je, azilipe sala zote alizoziacha kwa makusudi, kama wasemavyo Shafii na wengi wa maimamu, au atosheke kwa toba na sala za sunna kama alivyosema Ibn Hazm na Ibn Taymiyya akamfuata? Swali hili lahitaji nafasi yake, nami nitalijibu katika waraka ujao inshallah. Kwa sasa nimemwambia aanze na Isha ya usiku ule ule.